Baba Mkatili wa Mamba

Masunga wa kijiji chetu cha Mamba hakuwahi kumchapa mwanawe hata kwa ufito. Sisi majirani zake tuliiona hiyo kuwa kasoro, kwa sababu mzee mwenye ng'ombe wengi na watoto wengi anategemewa kupaza sauti mara moja moja, angalau watu wajue yupo. Yeye akikasirika alikwenda zizini, akasimama katikati ya ng'ombe wake akiwasemesha polepole kwa Kisukuma, na akitoka huko hasira yote ameiacha kwenye samadi. Hata hivyo, ukifika Kibaoni siku ya mnada ukauliza habari zake, bado utapata watu watakaokuambia ndiye yule mzee aliyewachoma wanawe kwa chapa ya ng'ombe. Wana uhakika nayo habari hiyo. Alikiri mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wazungu.

Mambo yalianzia kwenye mpunga. Mwaka wa tisini na sita, mvua zilipokuwa zinaishia, kijana wake Nyanda alisinzia machungani na ng'ombe wakaingia katika shamba la Melkiadi, Mpimbwe mmoja, mwenyeji wa huku, aliyekuwa kiongozi wa kwaya yetu. Melkiadi alitoka mbio na panga, akamkata ndama mguu. Nyanda, ambaye ndama huyo alikuwa amezaliwa mikononi mwake, alimpiga Melkiadi fimbo moja ya mkono, na mfupa ukavunjika. Wazee wa pande mbili walikaa, na tayari walikuwa wanakubaliana ndama ni wa nani na mkono ni wa nani, lakini polisi walikuwa wamekwisha kufika. Nyanda akapandishwa gari, akapelekwa Mpanda mjini.

Zamani kijana wa namna hiyo angechapwa viboko vyake akarudishwa kwao siku hiyo hiyo, makalio yakiwaka moto, na kesi imekwisha. Bahati mbaya mwaka ule Mpanda ilikuwa imepata bahati. Kulikuwa na mradi. Wafadhili kutoka nchi moja ya baridi walikuwa wamekodi ghala la zamani la tumbaku nje kidogo ya mji, wakalipaka rangi ya bluu ya mbingu, wakaandika juu ya mlango KITUO CHA MWANZO MPYA, na chini yake wakachoresha njiwa wawili waliofanana zaidi na bata. Nondo za madirishani hazikuondolewa. Zilipakwa bluu pia. Humo waliwekwa vijana waliokosana na sheria, ili watibiwe mawazo. Hakimu alisema Nyanda akae humo mpaka mshauri aridhike kwamba amebadilika. Hakuna aliyesema abadilike awe nani.

Mshauri mwenyewe alikuwa Fortunatus, zamani mwalimu wa kilimo katika shule ya msingi, mtu mwenye sauti ya kuamrisha matuta. Alipelekwa Dodoma kwenye kozi ya ushauri nasaha, akakaa wiki chache, akarudi na sauti nyingine kabisa, laini kama ya mtu anayebembeleza kuku arudi bandani, na kichwa kimelala upande. Hakuwa tena anamwuliza mtu hali. Alikuwa anamwuliza, “Unajisikiaje huko ndani?” Akina mama wa sokoni walimjibu kwamba wanaharisha au hawaharishi.

Siku ya kwanza alimkalisha Nyanda kwenye kiti kilichotazamana na chake, akamwuliza kwa nini alimpiga yule mtu.

“Alimkata ndama wangu,” Nyanda akasema.

“Hiyo ni sababu ya juu juu. Mimi nataka ile ya chini.”

Nyanda alifikiri sana, kwa maana alikuwa kijana mtiifu, akasema chini ya ndama kulikuwa na majaruba ya mpunga tu. Fortunatus akatabasamu kwa huruma. Akaanza kumwuliza habari za nyumbani. Baba anakunywa? Hapana, tumbo lake halipatani na pombe. Anampiga mama? Hapana, mama ndiye mwenye sauti. Anampiga yeye? Hapana. Alimnyima chakula? Fortunatus aliuliza swali moja kwa njia nyingi, na kila alikopita alikuta baba anayependa watoto wake. Jioni ile aliwaambia wenzake wa kituoni kwamba kesi ya Nyanda ni nzito mno. Mtoto anayesema alilelewa vizuri, alieleza, huyo jeraha lake limezama mpaka halionekani.

Kituo kilikuwa na mtindo wake. Kijana aliyesema maumivu yake mbele ya kundi, akalia, aliitwa amefunguka. Aliyefunguka alikunywa chai ya maziwa pamoja na mandazi, na jina lake liliwekwa upande wa wanaokaribia kwenda nyumbani. Asiyefunguka alipata uji usio na sukari na muda zaidi wa kujitafakari. Kwa hiyo vijana wa Mwanzo Mpya walifunguka kila mara, hasa asubuhi za baridi. Kijana mmoja wa Ugalla aliyekamatwa na mizinga ya nyuki ya watu aliwahi kuwaua bibi zake watatu katika wiki moja, na kila bibi alililiwa kwa chai.

Nyanda alibaki na uji. Kwao mwanamume alifundishwa kutolia, na hata angetaka, hakuwa na la kulilia isipokuwa ndama. Alijaribu kumlilia ndama, akaambiwa anakwepa. Miezi ikapita. Waliokuja baada yake walifunguka wakaondoka. Yeye alianza kukonda, na Fortunatus alipoona anakonda alifurahi, akisema jeraha sasa linapanda juu.

Mwingine wa uji alikuwa Salvatori, kijana wa Karema, mtoto wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika, aliyeletwa kwa kuiba nyavu. Huyo alikuwa na ulimi mkali na kicheko cha puani, na kwa mshauri hakusema lolote zaidi ya kwamba kwao ni pazuri, wanakula samaki. Ndiye aliyemwonea Nyanda huruma. Walikuwa wakifagia uwanja wakati alipomwambia kwamba akiendelea kumsifu baba yake ataota mizizi pale ghalani.

“We wape baba wanayemtaka,” alisema. “Nitakupa mmoja.”

Akamwelezea baba huyo tangu mwanzo. Baba anayerudi amelewa na kuanza kwa mama, kisha kuja kwa mtoto. Baba anayemfungia mtoto nje wakati wa mvua. Baba anayetia chuma motoni huku akisema maneno ya upole, akingoja kiwe chekundu, kisha anamwambia mtoto ageuke. Nyanda alisikiliza mpaka ufagio ukamponyoka. Aliuliza ameyatoa wapi mambo kama hayo, na Salvatori akamjibu kwamba watu wa ziwani wana hadithi nyingi kwa sababu usiku wanakesha. Kisha akamrekebishia: yeye ni wa ng'ombe, kwa hiyo chuma kiwe chapa ya ng'ombe. Na lile kovu la pajani, alilopata kwa kuchomwa pembe na fahali akiwa mdogo, litafaa.

Kesho yake Nyanda alifunguka. Hakuwa mwigizaji hodari, ila alisema polepole akiangalia chini kwa aibu ya kumsingizia baba yake, na aibu ile ilionekana kuwa maumivu. Alipofika pale pa mtoto kugeuka, machozi yakamtoka kweli, maana alimwona Masunga akimwambia ageuke, na hakujua atamtazamaje tena usoni. Fortunatus alilia naye. Chai ilikuja na maziwa mengi.

Kuanzia hapo Nyanda akawa hazina ya kituo. Kila mgeni aliyekuja kukagua, wa wilaya au wa mkoa, aliletewa Nyanda na kovu lake kama nyumba nyingine zinavyoleta albamu ya picha. Ungedhani sasa ataruhusiwa kwenda. Fortunatus alimwambia kweli amepona, lakini ataachiwa baada ya siku kuu ya wafadhili, kwa sababu wafadhili wanatoka mbali, na itakuwaje wakute waliobaki ni wagonjwa tu?

Siku hiyo ilifika wakati wa kiangazi. Uwanja ulifagiliwa, viti vya parokia vikaazimwa, kreti za soda zikapangwa kivulini. Mama mmoja wa kizungu mwenye kofia pana aliketi mbele, na pembeni yake Fortunatus amevaa suti ya kaunda akiwa tayari kutafsiri. Na siku hiyo hiyo, bila kualikwa na mtu, Masunga aliingia Mpanda juu ya lori la mchele kutoka Mamba, mkononi ana kibuyu cha samli ya mwanawe. Alikuwa amesikia tu kwamba vijana wa pale wanaruhusiwa kuonwa. Dereva wa lori, Bartolomeo, alimsindikiza mpaka kituoni kwa upendo wa soda. Askari wa mlangoni, Mnyamwezi wa Tabora, alisalimiana na mzee vizuri, Kinyamwezi na Kisukuma vikiwa ndugu, akamkalisha naye kwenye benchi la nyuma.

Nyanda alikuwa amekwisha kusimama jukwaani. Alikuwa amefika pale pa mvua na kufungiwa nje alipoinua macho akamwona baba yake, kibuyu kiko magotini. Alinyamaza. Fortunatus, akidhani ni uchungu, alimshika bega na kumhimiza aendelee, asiogope, baba hayupo hapa.

Kijana akaendelea. Mpaka leo anasema hakujua afanye nini kingine. Maneno yale alikuwa ameyasema mara nyingi kiasi kwamba yalijiendea yenyewe, kama ng'ombe wanaojua njia ya mtoni. Kiswahili cha Masunga kilikuwa cha mnadani, kinatosha kununua na kukataa. Alisikia baba, akasikia moto, akasikia chapa. Akamwuliza askari huyo kijana anasema nini. Askari alimweleza, kwa sauti ya chini, akiruka mengine.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Watu walipopiga makofi hakupiga, lakini alisimama, na Nyanda pale juu akasema, “Baba.” Neno hilo moja lilimfikia Fortunatus, naye hakuamini bahati yake. Alishuka jukwaani karibu kukimbia, akamshika Masunga mkono, akampeleka mbele huku akimweleza yule mama mwenye kofia kwamba mtesaji mwenyewe amekuja kwa miguu yake. Kisha akamgeukia mzee kwa sauti ile ya kubembeleza kuku, akamwambia huu ndio wakati wa kusema ukweli, mwanao anakungoja.

Masunga alimtazama mwanawe. Alimwuliza kwa Kisukuma, na mle uwanjani aliyeelewa ni askari wa mlangoni peke yake.

“Nikikubali haya, watakuachia?”

“Wataniachia, baba.”

“Basi simama vizuri.”

Askari alikohoa, akainua macho kuangalia bati la ghala.

Masunga akaweka kibuyu chini, akawageukia wageni. Alisema kwa Kiswahili chake kwamba yeye ni baba mbaya. Kweli alimchoma huyu. Kweli pombe alikunywa. Akaona yule mama mwenye kofia amejipangusa macho, akadhani labda hayajatosha. Akaongeza kwamba alichoma na wale wengine nyumbani, hata wasichana. Mke alimpiga kila siku ya soko. Mbwa alimnyima chakula. Na mama yake mzazi pia, aliyekufa zamani, alikuwa anamtukana. Fortunatus alikuwa anatafsiri mbio mbio, jasho linamtoka kwa furaha. Katika kozi yote ya Dodoma hakuna aliyemwambia kwamba mtu anaweza kupona haraka hivyo. Yule mama aliinuka akamkumbatia mzee. Masunga, ambaye hajawahi kukumbatiwa na mwanamke mbele ya watu, alisimama wima kama mti wa zizi mpaka ukumbatio ukaisha. Nyanda aliachiwa jioni ile.

Huko nyuma Bartolomeo alikuwa kwenye soda yake ya tatu. Dereva wa lori ndiye gazeti letu. Walipofika Mamba juu ya magunia matupu, habari ilikuwa imeketi mbele karibu na usukani, na ilishuka Kibaoni, ikashuka Usevya, ikashuka kila mahali gari liliposimama kutia maji.

Mke wa Masunga aliisikia kisimani kabla mume hajafika mlangoni. Alimpokea mwanawe kwa machozi na mumewe kwa mgongo. Alipoelezwa yote alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakasirika upya kwa sababu ya ile ya kupigwa kila siku ya soko, akasema angalau angetaja siku moja. Watu wa Kibaoni waliokuwa wanamchumbia binti yao Milembe walituma salamu kwamba kwanza wanafikiri. Hawakumaliza kufikiri hadi leo. Wazee wa wafugaji walimwita Masunga wakamwuliza. Aliwajibu kwamba ukimkuta nyati njiani na mtoto yuko ng'ambo, hubishani na nyati habari za njia ni ya nani. Wengine walielewa. Wengine walisema hivyo ndivyo mtu mwenye hatia anavyozungumza.

Nyanda alizunguka nyumba hadi nyumba akikanusha. Haikusaidia. Watu walimsikiliza kwa huruma, wakaambiana kando kwamba kijana kweli ametibiwa, tazama anavyomsamehe baba yake. Aliyemwumiza zaidi ni Melkiadi. Mkono wake ulikuwa umeunga, na siku moja baada ya ibada alimfuata Nyanda, akamshika bega kwa mkono ule ule.

“Pole, mdogo wangu,” alisema. “Ningejua unaishi na mtu wa namna ile, nisingekushitaki.”

Nyanda anasema hajawahi kuwa karibu kuvunja mkono wa pili kama siku ile.

Kilichokuwa kinamsumbua zaidi, hata hivyo, hakikuwa Melkiadi. Siku ile ya kuondoka kituoni alikwenda kumuaga Salvatori kisimani, akamkuta anaoga, amempa mgongo. Mgongoni mwake, kuanzia begani kushuka, kulikuwa na alama za chuma, zimepangwa vizuri, kazi ya mtu asiye na haraka. Salvatori alivaa shati bila kugeuka. Nyanda alimwuliza kwa nini hakuyasema haya mwenyewe, si angekuwa ametoka zamani?

“Yangu hayaliwi na mandazi,” Salvatori alisema. “Kwako ni uongo, hayakuumi. Nenda.”

Nyanda alikaa na jambo hilo muda, kisha akamweleza baba yake wakiwa wanakamua. Masunga aliendelea kukamua mpaka maziwa yakajaa. Aliuliza kama kijana huyo ana mtu wa kumfuata. Nyanda akasema hana, na kule ataendelea kukaa, kwa sababu ameandikwa mgumu.

Baada ya mavuno mzee akapanda lori kurudi Mpanda. Fortunatus alimpokea kama mtume anavyopokewa. Alikuwa amekwisha kuanzisha kundi la akina baba, na mfano aliokuwa anaufundisha ni Masunga. Mzee akasema amekuja kumchukua Salvatori akamlee. Mtu mwingine angeulizwa una uhusiano gani naye, una uwezo gani, umetoka wapi. Masunga hakuulizwa. Nani angefaa kumlea mtoto kuliko mzazi aliyepona, ambaye wafadhili wenyewe wanamjua kwa sura? Walipigwa picha watatu chini ya wale bata, Fortunatus katikati. Na hivyo ndivyo kijana aliyechomwa na baba yake alivyokabidhiwa kwa mzee aliyesifika kwa kuchoma watoto, na hakuna mtu mle ofisini aliyeona chochote cha kushangaza.

Mradi uliisha mwaka wa tisini na nane. Wafadhili walihamia kwenye ugonjwa mwingine, vijana waliobaki walirudishwa mahakamani walikotoka, na ghala likajaa tumbaku tena, rangi ya bluu ikaliwa na moshi. Fortunatus alipandishwa cheo. Nasikia yuko Dodoma anafundisha wengine, na kwamba kuna somo zima linaloitwa Mzee M.

Salvatori alikuwa mchungaji mbaya kuliko wote waliowahi kushika fimbo Mamba. Aliogopa ng'ombe, alivuta bangi nyuma ya ghala la mahindi, na alimwuza jogoo wa mke wa Masunga akarudi na uso wa mtu aliyetoka kusali. Mama huyo alimtukana matusi mazuri ya Kisukuma, kisha akampakulia. Masunga yeye alikuwa anamwelekeza tu ndama yupi ni wa nani, kila asubuhi, kana kwamba hakumwambia jana.

Kisha ikatokea jioni moja mbwa aliingia jikoni, na Masunga akainua fimbo kumfukuza, akapaza sauti, jambo ambalo, kama nilivyosema, si la kawaida yake. Walipogeuka Salvatori hakuwapo. Walimkuta chini ya kihenge cha nafaka, amejikunja, kichwa kiko kati ya magoti, kijana mrefu mwenye ndevu zinazoanza. Hakuna aliyemcheka. Nyanda aliketi karibu naye mpaka alipotoka mwenyewe.

Tangu kesho yake Masunga aliacha kuingia uani na fimbo. Aliisimamisha langoni, akaingia mikono mitupu, na alipotoka akaichukua. Mzee wa Kisukuma asiye na fimbo nyumbani kwake ni kama padri aliyevaa kaptula. Sisi sote tuliliona hilo. Melkiadi alilieleza kwa wanakwaya wake, na maelezo yake ndiyo yaliyoenea: kwamba serikali imempiga marufuku mzee yule kushika fimbo ndani ya nyumba, kwa usalama wa watoto.

Masunga aliambiwa maneno hayo na Nyanda, aliyekuwa amewaka hasira. Aliuliza kama Salvatori amekwisha kula. Alipoambiwa bado, alimwambia Nyanda akamwite, kisha akaenda zizini.